Mke Mwenza Aliyehesabu Pumzi

Kalunde, mke mdogo wa marehemu kaka yangu Ndolo, alikiogopa kitanda chake miaka mitatu kabla ya kumwambia mtu. Jua likianza kushuka nyuma ya mlima wa Nuu, alikuwa anajitafutia kazi. Angepepeta ndengu zilizokwisha kupepetwa. Angefagia uwanja uliofagiwa asubuhi. Chochote cha kuichelewesha saa ya kulala.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwanamke mnene wa shingo, mwenye sauti ya kuitia mbuzi kutoka ng'ambo ya mto. Kila usiku kitu kilimfunga koo. Aliamka ghafla kama mtu aliyeopolewa kisimani, mdomo mkavu, moyo unagonga mbavu, hajui yuko wapi. Asubuhi kichwa kilimuuma. Mchana usingizi ulimkamata popote: kanisani akiwa amesimama, sokoni mkono ukiwa bado ndani ya gunia la ndengu. Siku moja alisinzia mbele ya mafiga akipika isyo ya mahindi na maharagwe, leso ikashika moto, na jirani akammwagia maji ya ndama.

Watu walisema ni uvivu wa uzee. Hakuna aliyejua zaidi, kwa sababu hakuna aliyemsikia akilala.

Katika boma la baba yetu nyumba zilikuwa za fito na udongo, na mtu akikohoa katika moja aliulizwa kutoka nyingine kama yuko salama. Kukiwa na msiba, wanawake walilala sakafu moja mpaka siku ya kuzika, na aliyekuwa na ugonjwa wa usiku alijulikana na wote kabla ya mapambazuko. Siku hizi matanga ni mahema ya kukodi na spika, na saa nne kila mtu anaitisha bodaboda arudi kwake. Ndolo alipokuwa hai alijua. Alikuwa akicheka kwamba mkewe husaga mtama usiku kucha, na kinu kikinyamaza humsukuma kwa kiwiko mpaka ageuke. Ndolo akafa. Mwanawe Musembi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud, akamjengea mama yake nyumba ya mawe, mlango wa chuma, madirisha yenye vyuma. Nyumba nzuri ya kutazamwa. Ukiwa nje huwezi kusikia mtu akifa ndani yake.

Hatua arobaini kutoka hapo, ng'ambo ya uwanja, ilikuwa nyumba ya Kaveke, mke mkubwa. Wake hao wawili hawakuwa wamekula chungu kimoja kwa miaka thelathini na moja. Kaveke alikuwa amekwenda kwao Migwani kumzika mjomba wake, akamwachia Kalunde mwanawe wa pili, mtoto wa miaka minne. Mtoto alipata homa, akalala mchana, na Kalunde akafurahi kwamba sasa amepumzika. Jioni alipokwenda kumwamsha, alikuwa baridi. Kaveke hakusema kwamba ni kosa la Kalunde. Wala hakusema kwamba si kosa lake. Alinyamaza tu, na kunyamaza huko kukaendelea mpaka wote wawili wakaota mvi.

Musembi ndiye aliyegundua. Alikuja kulala kwa mama yake Krismasi moja, chumba cha pili, akasikia kinu, kisha kimya, kisha mkoromo kama wa ng'ombe anayechinjwa. Hakupata usingizi. Alimpeleka hospitali mjini Kitui, na wakatumwa Nairobi, ambako Kalunde alilala usiku mmoja amefungwa nyaya kichwani na kifuani. Jibu likarudi kwa daktari wa Kitui, mwanamke kijana aitwaye Nasima. Akawaeleza kwamba mama huyu akilala, nyama za koo hulegea na kuziba njia ya hewa. Huacha kupumua mara nyingi kwa saa moja, na kila mara mwili humwamsha kidogo ili asife. Akaandikiwa mashine ndogo ya kusukuma hewa, yenye mpira na barakoa ya kufunika pua. Musembi akainunua.

Miezi minne baadaye hali ilikuwa ileile. Ndipo nilipomsindikiza mimi, kwa kuwa Musembi alikuwa dukani kwake na Kalunde hajui kusoma.

"Mama," daktari akasema, "mashine inaweka kumbukumbu. Inasema unaivaa saa mbili tu kwa usiku."

"Inanikaba."

"Inakukaba vipi?"

"Stima ikipotea, naamka hiyo kitu imenishika uso kama mkono wa mtu. Natoa, natupa chini."

"Unalala chali au kwa ubavu?"

"Nikilala sijioni, daktari. Kwani wewe ukilala unajiona?"

Daktari akacheka, lakini kalamu yake haikusimama. Akamuuliza anakula saa ngapi. Saa tatu. Anapikia wapi? Jikoni kwa kuni. Akamulika puani akaona pameziba kwa sababu ya moshi. Dawa ya presha anameza lini? Usiku, na kwa hiyo anaamka kwenda chooni mara tatu.

"Na dawa nyingine?"

"Za magoti."

"Nyingine?"

"Hakuna," akasema Kalunde, akautazama ukuta.

"Sawa. Nani analala karibu nawe?"

"Mungu."

"Mungu sina namna ya kumuuliza maswali, mama. Mwingine?"

Nikamtaja Kaveke. Kalunde akanigeukia kama mtu aliyeuzwa.

Daktari alitaka mtu wa kukaa karibu naye usiku kumi na nne. Kila pumzi itakaposimama mpaka mtu ahesabu kumi, iandikwe. Kila akiamka akitapatapa, iandikwe. Iandikwe pia alichomeza. Stima ikipotea, mtu huyo amtoe barakoa. Tena ale kabla ya giza, alale saa ileile kila siku, kwa ubavu, presha aimeze asubuhi, apulize dawa ya pua kabla ya kulala. "Na usimeze kitu chochote cha kuleta usingizi," akasema. "Dawa hizo zinalegeza koo zaidi, na zinauzuia mwili usishtuke. Wewe unaishi kwa sababu unashtuka."

Njiani Kalunde alitazama nje ya gari mpaka tulipoona mlima. Kisha akasema, "Shemeji, umempa Kaveke koo langu alishike."

Kaveke nilimkuta akipukuchua mahindi. Ni mwembamba, mrefu, mwenye miaka sabini na moja na meno yote. Nikamweleza. Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Leo ndiyo mnakumbuka nina masikio?"

"Ni usiku kumi na nne tu, Mama Kimeu," nikamwambia, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Nikeshe nikimlinda yule." Akachukua gunzi lingine. "Mimi alinilindia nani?"

Nikaacha daftari na kalamu juu ya kigoda nikaenda zangu. Jua lilipozama nilimwona akivuka uwanja na blanketi lake begani na daftari mkononi.

Mambo ya usiku ule nimeyapata kwa Kaveke mwenyewe. Alitandika mkeka kando ya kitanda. Kalunde alijivika barakoa akalala kwa ubavu, macho wazi, akimtazama yule aliyemwogopa kuliko ugonjwa.

"Mbona hulali?" Kaveke akamuuliza.

"Nalala."

"Macho yako yananiangalia kama ya panya. Lala, Mama Musembi. Ukifa nitakuambia."

Kalunde hakucheka. Lakini usingizi wa mgonjwa huyu hauombi ruhusa, na baada ya muda kinu kikaanza. Kikasaga, kikasaga, kikasimama. Kaveke akangoja. Aliona tumbo likipanda na kushuka, lakini hewa haikuwa ikiingia, kama mtu anayevuta ndoo kwa kamba iliyokatika. Akahesabu kumi. Akahesabu ishirini. Kufika ishirini na nane alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, yeye ambaye simba alipokula punda wetu mwaka wa ukame ndiye aliyetoka na kijinga cha moto. Halafu Kalunde akavuta pumzi kwa kishindo, akageuka, kinu kikaanza tena.

"Nilikuwa nadhani kifo kinakuja mara moja," Kaveke aliniambia. "Kumbe kinaweza kwenda na kurudi usiku mzima."

Sasa nije kwenye kosa langu. Kaveke hajui kuandika. Wasichana wa wakati wake walipewa ndama wachunge, hawakupewa slate ya kuandikia. Mimi mwenyewe nilijifunza herufi kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na kwa majivuno yangu nilisahau kwamba si kila mtu alikaa mlangoni mwa duka. Nilimwachia daftari, naye akalichukua bila kusema.

Alifanya alivyojua. Alichukua kibuyu kidogo. Pumzi ikisimama, alitia punje ya ndengu. Kalunde akiamka akitapatapa, alitia punje ya hindi. Asubuhi alimimina zote katika kipande cha kitambaa, akafunga fundo, kitambaa kimoja kwa usiku mmoja. Na kwa kuwa jicho lake halilali, aliona jambo lililomshinda daktari: baadhi ya usiku, kabla ya kulala, Kalunde aligeukia ukutani akameza kidonge cheupe kutoka kwenye fundo la leso. Kila usiku wa namna hiyo Kaveke alitia ndani ya kitambaa mbegu moja ya mbarika.

Usiku wa nane ukapita. Asubuhi Kaveke akaenda kufungulia mbuzi, na Kalunde, akifagia, akakunja mkeka. Chini ya kitanda kulikuwa na kibuyu, na vitambaa vinane vyenye mafundo. Akafungua kimoja. Ndengu, mahindi, mbegu ya mbarika.

Ni nani Ukambani asiyejua kibuyu cha punje? Mganga hukitikisa, humimina punje mkekani, huzihesabu mafungu mafungu, na kutoka humo husoma siku za mtu. Na hivi vilikuwa chini ya kichwa chake, vimewekwa na mwanamke anayemdai mtoto. Kelele zake nilizisikia nikiwa shambani.

Nilipofika, Wavinya, mkubwa wa akina mama wa kanisa, alikuwa amefika kabla yangu na wenzake watatu. Wavinya si mtu mbaya. Ila simu yake imejaa mahubiri ya watu asiowajua, na kila kitu cha kale kwake kina pepo.

"Hesabu ya siku zako hiyo, dada," akamwambia Kalunde. "Amefunga usiku nane. Wa tisa ndio anaungoja."

Kaveke akasimama mlangoni, kamba ya mbuzi mkononi.

"Sema ni nini hii!" Wavinya akamwambia. "Sema mbele ya watu!"

Kaveke akawatazama mmoja mmoja. Aliona daftari langu rafuni, jeupe, halijaguswa. Aliona kwamba mimi pia nimeliona. Aseme nini? Aseme mbele ya wanawake wa kanisa, wenye Biblia kwapani, kwamba hajui hata kuandika moja? Akaona afadhali awe mchawi. Akaokota blanketi lake akavuka uwanja. Wavinya akabeba kibuyu na vitambaa vyake ili vikachomwe Jumapili, mbele ya mchungaji. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na bado nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na hakika, na kwa sababu hata mimi mbegu zile zilinitia baridi mgongoni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Usiku ule Kalunde alifunga mlango wa chuma kwa makomeo mawili. Akatoa vidonge vyeupe. Alikuwa akivinunua katika duka la dawa sokoni, bila karatasi ya daktari, tangu Ndolo afe. Kila alipomeza, alimeza kimoja tu, lakini sasa akameza viwili. Akavaa barakoa, akalala chali ili aone mlango.

Kaveke hakulala. Masikio yaliyozoea kusikiliza hayaachi kwa siku moja. Alikaa nje ya nyumba yake akitazama taa ya nje ya nyumba ya mawe, na kitambo kabla ya saa sita taa ile ikazimika. Kijiji kizima kikazimika. Akajua mashine imekufa, na barakoa iko usoni.

Akavuka uwanja. Akaweka sikio kwenye dirisha, akasikia kinu kwa mbali, kizito kuliko siku zote. Kikasimama. Kumi. Ishirini. Thelathini. Akapiga dirisha kwa ngumi. Kinu kikajikokota kidogo, kikasimama tena. Akaniita kwa jina nililopewa nikiwa mtoto, jina ambalo sijaitwa tangu mama yetu afe, nami nikaja bila viatu.

"Vunja," akasema.

Nikavunja kioo kwa jiwe, lakini vyuma havivunjiki kwa jiwe, na mlango ule ungehitaji fundi. Kurunzi yangu ilimwonyesha Kalunde chali, kinywa wazi, tumbo likifanya kazi bure. Nilimwita, lakini hakusikia. Kaveke akakimbia kwake akarudi na ule mti mrefu wa kuangulia mapapai. Akaupitisha kati ya vyuma, akaifikia barakoa, akaivuta ikatoka. Kisha akaanza kumchoma mbavu.

"Amka wewe! Amka! Arobaini! Kalunde! Arobaini na moja!"

Nilisikia sauti yake ikipasuka alipofika arobaini na tatu. Akamchoma kwa nguvu zote. Kalunde akashtuka, akavuta hewa kwa mlio ambao bado nausikia nikiwa macho, akafungua macho akaona mti umeingia dirishani na Kaveke ameushika.

"Ananiua!" akalia. "Uuui! Ananiua!"

"Ningetaka ufe," Kaveke akasema, "ningelala."

Tulisimama pale dirishani mpaka alfajiri, kwa kuwa Kalunde hakuweza kutembea kufika mlangoni. Kila alipozama usingizini Kaveke alimchoma. Katikati ya kumchoma, akiwa amenipa mgongo, akasema taratibu, "Zile punje ni hesabu ya daktari. Mimi sijui kuandika. Sasa mmejua wote wawili."

Baadaye sana, kukianza kupambazuka, tulisikia Kalunde akiuliza, "Mama Kimeu, kwa nini ulikuja?"

Kaveke akamgusa tena kwa mti. Alimwambia, "Kaa wima, usilale."

Asubuhi nilikwenda kwa Wavinya kudai vitambaa. Alikataa, nikapandisha sauti, akavitoa akisema atakuwa akituombea. Jumatatu tukawa Kitui watu watatu. Daktari Nasima aliondoa makaratasi mezani, akamwambia Kaveke afungue mafundo mwenyewe, moja moja, kwa mpangilio wa siku. Usiku usio na mbarika ulikuwa na ndengu thelathini na kitu, arobaini. Usiku wenye mbarika, ndengu themanini, tisini, mia na nne.

"Na mbarika inahesabu nini?" daktari akauliza.

Kaveke akamtazama Kalunde, akangoja. Kalunde akafungua fundo la leso, akaweka vidonge mezani.

Daktari aliviangalia. Kisha akasema polepole kwamba, kwa vidonge hivi, usiku mmoja mwili ungesahau kushtuka, basi. Vidonge visiachwe ghafla kwa sababu amevizoea kwa miaka. Vipunguzwe nusu, kisha robo, kwa majuma aliyoyaandika. Barakoa ikabadilishwa na inayofunika pua na mdomo, kwa kuwa Kalunde, mwenye mapengo mbele, hupumulia mdomo. Musembi akaleta betri ya kushikilia mashine stima ikikatika. Akataka pia kutengeneza dirisha. Kaveke akamwambia aondoe vyuma kwanza.

Ni miezi mitano sasa. Kalunde amemaliza vidonge. Anakula jua likiwa bado lipo, analala kwa ubavu, na Kaveke analala chumba hichohicho, juu ya kitanda chake mwenyewe, akikataa kwamba amehamia. Hawajawa marafiki. Wanabishana juu ya chumvi. Ugonjwa umepungua, haujaisha. Daktari amesema huenda usiishe, na kwamba hesabu iendelee.

Lakini hofu haipungui kwa mwendo mmoja na ugonjwa. Kila asubuhi, kabla ya kunawa, Kalunde anauliza, "Ngapi?" Mwezi wa kwanza aliambiwa ukweli. Siku alipoambiwa ishirini na sita hakulala usiku uliofuata, akakaa kitandani ameshika magoti, na asubuhi yake Kaveke alimkuta njiani, leso imefungwa vizuri, anaelekea duka la dawa.

Tangu hapo tuna mapatano, mimi na Kaveke, naye daktari anayajua. Alfajiri ananiletea kibuyu, namwandikia hesabu ya kweli katika daftari, kisha yeye anarudi ndani. Naweza kuyaandika haya bila wasiwasi: Kalunde hasomi, na wanaosoma hapa kwetu husoma simu.

Leo zilikuwa kumi na tisa. Mbili kati ya hizo zilipita thelathini kabla hajavuta pumzi, na Kaveke alikuwa na vidole vya baridi aliponihesabia. Nimeziandika. Nikamsikia akifungua mlango, na Kalunde akiuliza.

"Sita," Kaveke akasema. "Amka unywe uji."